Kakamega isiwe mji wa kupitia tu

MTALII atokaye Kisumu kuelekea lango la Buyangu katika Msitu wa Kakamega huupita mwamba wa Ilesi, maarufu kama jiwe linalolia, kisha huvuka mji wa Kakamega bila kushuka garini.

Hiyo ni hasara. Mji huu, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ulivuma mapema miaka ya 1930 dhahabu ilipowavuta wachimbaji kutoka mbali. Barabara yake kuu na Bustani ya Muliro zingetosha kumpa mgeni matembezi ya asubuhi nzima.

Tatizo ni kwamba barabara hiyo ni ya serikali ya kitaifa, ilhali taa, maegesho, masoko na utalii wa mashinani ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hapa sharti wakae. Wakivutana, waumiao ni mchuuzi na mwenda kwa miguu.

Njia pana ya miguu, vivuli vya miti na vibanda nadhifu havihitaji mgodi mwingine wa dhahabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini atamponyaje asiposhuka garini?