Mlolongo Ungalipo

Mtu akitembea leo katika soko la Kitale, au akingoja gari katika stendi ya Bungoma, hatakosa kusikia kauli hii, na husemwa na watu wasiojuana: "Mimi sipigi kura tena." Husemwa na mama anayeuza mahindi mabichi, na kijana wa bodaboda, na hata mzee wa kanisa aliyepanga foleni kila uchaguzi tangu nchi ipate uhuru. Hesabu nazo zinawaunga mkono. Katika uchaguzi wa 2013 walijitokeza takribani watu 86 katika kila mia ya waliojiandikisha. Katika ule wa 2022, ambapo waliojiandikisha walizidi milioni 22, walijitokeza kama 65 tu.

Ndugu wasomaji, hatuandiki ili kuwakemea watu hao, maana hasira yao ina haki. Twasema tu kwamba wameikasirikia siku isiyo yenyewe. Wanaususia mwezi wa Agosti, hali mambo yao huwa yamekwisha kuamuliwa Aprili, vyama vinapoteua wagombea.

Tuanze na hasira yenyewe. Mwanzoni mwa msimu wa kupanda wa 2024, katika eneo hili linaloilisha nchi mahindi, wakulima walifungua mifuko ya mbolea ya ruzuku waliyoipanga foleni, wakakuta ndani yake kitu kisichokuwa mbolea. Asiyelima huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Mvua haingojei uchunguzi. Mbegu iliyokwisha ingia ardhini haifukuliwi ikapandwa tena. Mkulima aliyekosea Aprili hulala njaa Desemba, na ada ya shule ya Januari haiulizi kosa lilikuwa la nani. Mbunge wa Bumula, hapa katika kaunti ya Bungoma, alipeleka Bungeni hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Tarehe 2 Mei 2024 wabunge 149 waliiunga mkono na 36 wakaipinga. Tulishangilia. Kisha hoja ikapelekwa katika kamati ya wabunge 11, na kabla mwezi haujafika nusu, 7 kati yao wakasema mashtaka hayakuthibitishwa. Jambo likafia hapo. Waziri aliondoka Julai, Rais alipovunja karibu Baraza lote la Mawaziri, na aliyelivunjisha si Bunge, ni vijana waliokuwa wamejaza barabara za miji yetu tangu Juni. Mkulima wa Kwanza au wa Kanduyi alijifunza somo gani? Kwamba kelele za barabarani zina nguvu kuliko kura yake. Hilo ni somo la hatari, na waliomfundisha ni wale aliowachagua.

Mtu atauliza: kwa nini basi msiwaite nyumbani waheshimiwa waliowaangusha? Katiba ya 2010, kifungu cha 104, inatupa haki hiyo waziwazi: wapiga kura waweza kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Lakini Katiba iliacha utaratibu wake utungwe na Bunge, yaani mlango ulijengwa na wananchi, ufunguo ukapewa wale wanaoogopa mlango. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikauzungushia mlango huo miiba: usiguse miezi 24 ya mwanzo, usiguse miezi 12 ya mwisho, kusanya saini za asilimia 30 ya wapiga kura, na mengineyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta baadhi ya vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Ungetarajia Bunge liharakishe kutunga vingine. Kutoka 2010 hadi 2025 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo tusijidanganye. Akishaapishwa, ametuponyoka kwa miaka mitano. Nafasi yetu ni kabla, na "kabla" yenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Hapa hatuna budi kuwarudisha vijana nyuma kidogo, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamezaliwa.

Mnamo 1986 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kiliamua kwamba wagombea wake watateuliwa kwa mlolongo. Mwanachama alitakiwa asimame mchana kweupe nyuma ya mgombea anayemtaka, au nyuma ya wakala wake, ahesabiwe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha shinda, akaenda Bungeni bila kura ya siri kupigwa. Viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya walipinga, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mchungaji hawezi kusimama leo nyuma ya mwanasiasa mmoja, na kesho akawapa ushirika waumini waliosimama nyuma ya mwingine. Hawakusikilizwa.

Mwaka 1988 mlolongo ukatendwa. Mmoja wetu, wakati huo kijana, alisimama katika uwanja wa shule moja ya msingi nje ya mji wa Kitale. Mstari wake ulipita lango la shule ukaingia barabarani. Mstari wa pili haukufika nusu ya uwanja. Msimamizi alihesabu, akasoma karatasi, na mstari mfupi ukawa ndio mrefu. Mzee aliyekuwa mbele yetu aliuliza kama amesikia vyema, akaambiwa aende akaangalie ng'ombe wake. Hakuna aliyepigwa siku hiyo, wala hakuna aliyekamatwa. Watu walikwenda nyumbani tu, na ukimya wa kurudi kule ndio tunaoukumbuka kuliko yote. Gazeti la Beyond la Baraza hilo la Makanisa lilipochapisha habari za wizi wa namna hiyo kote nchini, lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo.

Kelele za makanisa hazikupotea bure. Desemba 1990 KANU wenyewe waliuondoa mlolongo pamoja na ile sheria ya asilimia 70, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, vyama vingi vikarudi. Eneo letu lililipa sehemu yake ya gharama. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alifariki barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirejea kutoka Busia. Mzee Masinde Muliro, mmoja wa waasisi wa FORD, alifariki tarehe 14 Agosti 1992 alipowasili Nairobi kutoka London. Tarehe ni moja, miaka ni tofauti, na tumeona ajabu kwamba haitajwi pamoja katika ibada zetu. Nao walio wadogo wasiotajwa popote, wale wa Endebess, wa Kwanza na wa Mlima Elgon waliofukuzwa makwao katika vita vya kikabila vilivyoanza mwishoni mwa 1991, waliufikia uchaguzi wa Desemba 1992 wakiwa chini ya maturubai katika viwanja vya makanisa, wengine kadi zao za kura zimeteketea pamoja na nyumba.

Tulipata nini kwa gharama hiyo? Tulipata vyama vingi nchini na chama kimoja nyumbani. Kila pembe ya Kenya ina chama chake cha nyumbani, nasi wa Bungoma na Trans Nzoia tumekuwa nacho kwa miaka mingi, hata kama jina lake limebadilika kwa baadhi yetu. Anayepata tikiti ya chama hicho amekwisha kuvuka mto. Agosti ni kukausha nguo tu. Na tikiti hutolewa vipi? Mara kwa wajumbe waliokusanywa hotelini, jambo ambalo marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2022 yameliruhusu. Mara kwa utafiti wa maoni ambao hakuna aliyeuona. Mara masanduku hufika saa kumi jioni katika shule iliyoambiwa yatafika saa kumi na mbili asubuhi, na mshindi hutangazwa kutoka Nairobi usiku. Hata daftari la wanachama halina heshima: mwaka 2021 maelfu ya Wakenya walitazama rekodi za Msajili wa Vyama, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kuvijua. Huu ni mlolongo ule ule, ila sasa watu hawaitwi hata kusimama.

Lakini tikiti haigeuki kura peke yake. Novemba 2025, katika uchaguzi mdogo wa wadi ya Chwele-Kabuchai hapa Bungoma, mgombea huru aliwashinda wenye vyama. Wadi ni ndogo, na mtu mmoja katika bunge la kaunti hawezi kuhamisha mlima. Hata hivyo waliozoea kutuhesabu kabla hatujajihesabu walipaswa kukaa chini wakafanya hesabu upya.

Sasa tuseme lililo gumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Septemba 2013 Mahakama Kuu ya Bungoma ilibatilisha uchaguzi wa Seneta wetu, Moses Wetang'ula, baada ya kuridhika kwamba wapiga kura walihongwa. Uchaguzi ulirudiwa Desemba mwaka huo huo, na wapiga kura wale wale wakamrudisha kwa kura zao. Walikuwa na haki ya kumrudisha, hilo hatulipingi. Swali letu linawahusu waliopokea. Kila anayehonga ana mpokeaji, na mpokeaji mara nyingi yumo katika kwaya yetu, katika chama chetu cha akina mama, katika kamati ya ujenzi wa kanisa. Tunamwita mwanasiasa mwizi siku ya Jumatatu, na Jumapili tunampisha kiti cha mbele kwa sababu ana bahasha ya mabati.

Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikataza wanasiasa kuhutubu kanisani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha alizotoa Rais katika parokia moja ya jiji hilo, akaagiza zirejeshwe. Tuliwapongeza kwa makofi. Sharika zetu za Kitale, Webuye, Kimilili na Chwele zimewafuata kwa kiasi gani? Tunajua jibu, kwa maana mabati hayo yako juu ya vichwa vyetu tunapoandika.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Tunachotaka kinatangulia siku hiyo. Tunataka vyama viteue kwa kura ya siri katika shule zile zile tunazopigia kura ya Agosti, daftari la wanachama libandikwe mlangoni majuma mawili kabla, na kura zihesabiwe pale pale, mbele ya macho yetu, matokeo yaandikwe na yabaki ukutani. Makanisa yatoe wasimamizi wa kujitolea kwa siku ya uteuzi kama yanavyotoa kwa siku ya uchaguzi. Na wewe kijana uliyeapa hutapiga kura tena, tunakuomba jambo dogo kabla hujaitupa kadi yako: nenda ukaangalie kama jina lako limeandikwa katika chama, na ni nani aliyeliandika.

Mheshimiwa naye atakuja, kama ajavyo kila mara, katika harambee au katika mazishi. Tutamkaribisha kwa heshima, tutampa chai. Kisha kabla hajashika kipaza sauti tumwulize: Uliteuliwa wapi, siku gani, na waliohesabu kura hizo walikuwa akina nani?