Msitu ni wa Allah, Si wa Mizimu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika madrasa zetu hapa Tanga mtoto wa miaka kumi huwa amekwisha kuhifadhi Suratul Ghaashiya. Humo, kuanzia aya ya 17 hadi ya 20, Allah anawahoji wakanushaji kwa nini hawamtazami ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mtoto huisoma kwa tajwidi nzuri, ilhali milima ya Usambara anaiona kwa mbali tu, hajapata kuikanyaga. Maulamaa wamefundisha kuwa aya za Allah ni za namna mbili: zinazosomwa katika msahafu na zinazotazamwa katika viumbe. Malezi yanayoshika namna moja na kuacha nyingine ni malezi pungufu.

Tunachokiogopa zaidi ni kile kinachoujaza upungufu huo. Mapango ya Amboni, yapata kilomita 8 kutoka mjini, yana mahali ambapo watu wamezoea kupeleka matambiko na kuomba haja zao. Mtoto asiyepelekwa na baba yake huambiwa na wengine kuwa pango lina mwenyewe na msitu una wenyewe. Hukua na hofu hiyo kifuani, na akifikwa na shida ukubwani huijua njia ya huko. Suratul Jinn, aya ya 6, imekwisha kutueleza hali ya wanaojikinga kwa majini: hawakuzidishiwa ila madhila. Mtume (S.A.W.) naye alimfundisha anayeshukia mahali ajikinge kwa maneno ya Allah yaliyotimia. Basi baba na aingie na wanawe mchana, pamoja na mwongozaji na tochi, awasomeshe dua hiyo, kisha awaonyeshe jinsi maji yalivyolichonga jiwe la chokaa kwa dahari nyingi. Hapo tauhidi huingia kwa macho kama ilivyoingia kwa masikio.

Kila majira yana darasa lake. Katika joto la Januari na Februari, pango lina ubaridi na popo wamening'inia darini. Masika, Machi hadi Mei, mito hufurika na njia za milimani huteleza. Familia itosheke na viunga vya mji, ione ardhi iliyokauka ikihuika, kama inavyotajwa katika Suratu Fussilat, aya ya 39. Kipupwe kikiingia Juni, hewa ni nzuri kupanda hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, iliyoanzishwa mwaka 1997. Vuli ikinyesha, wakatazame vijito vilivyojaa na kinyonga juu ya tawi. Mwendo wa saa moja au mbili unatosha.

Huko Amani watoto wataona lililo karibu nao zaidi. Mto Zigi huanzia katika misitu hiyo, ukakusanywa katika bwawa la Mabayani, na kutoka hapo jiji la Tanga hupata maji yake. Anayetawadha msikitini mjini anatawadha kwa neema iliyopita chini ya miti ile. Basi mwenye kuikata ovyo anawadhulumu wenye kuswali.

Liko na jambo la kututia haya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul, aliona ua dogo la zambarau la nchi hii, akalipeleka kwao. Leo lina jina lake, Saintpaulia, na hupandwa katika vyungu majumbani kote Ulaya na Marekani. Mgeni alilitazama, wangapi katika sisi tuliozaliwa chini ya milima hiyo tunalijua?

Wako wanaosema kuwa matembezi ni lahwi, na kuwatoa wake na mabinti ni kufungua mlango wa fitina. Hofu ya mchanganyiko na muziki ni ya haki, lakini dawa yake ni adabu: stara, familia pamoja, na sala kwa wakati wake. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini. Hakuona kuwa heshima ya mke inapotea kwa kutembea na mumewe chini ya mbingu. Na binti anayehifadhi aya zile zile ana haki ya kuziona kama kaka yake.

Gharama isiwe udhuru. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, chakula kitoke nyumbani, na mifuko ya plastiki irudi nyumbani, kwani uchafuzi ni ufisadi katika ardhi.

Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili mimbarini, na wazazi wachague siku moja katika kila majira. Anayeogopa msitu hatimaye huuabudu au huuteketeza; anayemjua Mola wa msitu huutunza.

Wabillahi tawfiq.