Mwalimu Kwanza, Mashine Baadaye

Wako wanaodhani kwamba akili mnemba ikishaingia kwenye simu, mwalimu wa elimu ya watu wazima hana kazi tena. Hiyo ni kasumba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwa redio watu wapatao milioni 2. Lakini kabla redio haijasema, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikwisha kupewa mafunzo. Leo mchimbaji mdogo wa Nyahanga, Kahama, anayechenjua dhahabu kwa zebaki, akiiuliza mashine ikamjibu kwa ufasaha lakini kwa makosa, ni nani atakayemsahihisha? Basi Halmashauri zisikimbilie kununua vifaa. Zimfundishe kwanza mwalimu kuihoji mashine, kuipima, na kuikataa inapopotosha. Kinyume cha hayo ni kucheza na maisha ya wananchi.