Klipu Ikianguka, Fundi Aseme

Mlio wenyewe ni mdogo: ti! Kisha kimya. Fundi aliyeinama juu ya injini ya Boxer hasogei, koleo bado li mkononi, macho yameganda tunduni. Mwenye pikipiki, aliyekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini akiwahesabu abiria wanaompita, anauliza kulikoni. Katika vibanda vingi vya ufundi, kuanzia barabara ya Bofa hadi Kibaoni hapa Kilifi, jibu huwa lile lile: "Hamna kitu, kaka."

Kitu kipo. Ni klipu ya pini ya pistoni, ambayo mafundi wengine huiita loki: waya wa chuma cha springi uliopindwa duara lisilofunga, mwembamba kama kijiti cha meno. Kila pistoni ina klipu mbili, moja kila upande, na kazi yake ni kuizuia pini isitoke ikauchana ukuta wa silinda. Ili iingie mahali pake sharti ibanwe, na springi ikibanwa hutafuta pa kurukia. Wakati huo bloku imeshavuliwa, na chini ya pistoni tumbo la injini liko wazi kama mdomo wa mtungi.

Kuiangusha kunamtokea hata fundi aliyezeekea kwenye oili, na hakuna haja ya kumlaumu mtu kwa hilo. Linalostahili lawama ni lile "hamna kitu". Tena lawama hiyo si ya fundi peke yake, kama tutakavyoona.

Injini za aina hii huzunguka mara 7,000 na zaidi kwa dakika zikikamuliwa. Klipu ni chuma kigumu. Ganda la injini ni aluminiamu ya kumiminwa, laini kuliko klipu. Ikibanwa kati ya gurudumu la krenki na ganda, ganda hupasuka. Ikijipenyeza kwenye gia, meno hung'oka. Huenda pia ikalala chini kwenye oili wiki nyingi bila kumsumbua mtu, na hilo ndilo humtia fundi tamaa ya kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa pikipiki, kilio husikika usiku, abiria yuko nyuma, njia panda ya Mnarani bado iko mbali.

Kuitoa kunawezekana, na mara nyingi hakuhitaji kuishusha injini. Sharti la kwanza ni mikono itulie: kiki isiguswe, krenki isizungushwe hata robo. Fundi amulike tochi kwanza, maana pengine klipu imekaa tu ukingoni au juu ya kichwa cha koneksheni. Ikionekana, sumaku iliyofungwa kwenye ncha ya waya huinasa, kwa kuwa ni ya chuma. Asiye na sumaku ya dukani huing'oa kwenye spika iliyokufa, au huisugua bisibisi ndefu kwa sumaku hiyo mpaka nayo ianze kuvuta. Spoki iliyopakwa girisi nzito nchani hufanya kazi pia, na hiyo ndiyo njia ya kutumia ikiwa kilichoanguka ni cha shaba au aluminiamu, ambavyo sumaku haivivuti.

Isipoonekana, oili imwagwe polepole kwenye beseni safi kupitia kitambaa, kifuniko cha chujio kilicho chini ya injini kifunguliwe kwenye zile zenye kifuniko hicho, kisha sumaku ipitishwe humo. Wengine huimiminia injini mafuta ya taa ili klipu isukumwe hadi tunduni. Siku hizi kuna kamera nyembamba za kuchomeka kwenye simu, nazo zimewaokoa mafundi wengi na kazi ya kubahatisha. Vyote hivyo vikishindikana, hakuna ujanja: injini ishuke, magineti ivutwe kwa pula, ganda ligawanywe mara mbili, gasketi mpya zinunuliwe. Hiyo ni siku nzima, pengine mbili.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya watengenezaji wa India havilitaji. Sumaku isiwekwe mchangani kabla ya kuingizwa kwenye injini. Kaskazini mwa Malindi, Mto Sabaki unateremsha mchanga wenye chembe nyeusi za madini zinazonata kwenye sumaku kama ndevu. Hata Bofa, ambako mchanga ni mweupe, upepo wa kusi ukivuma unapeperusha chenga hadi kwenye kila chombo kilichoachwa wazi, na chenga hizo nyeupe sumaku haiziwezi. Fundi anayeiopoa klipu akaacha mchanga nyuma amebadilisha ugonjwa wa siku moja kwa ugonjwa wa miezi.

Kinga ya yote haya ni kitambaa. Kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kizungushwe kwenye koneksheni na kuziba mdomo wa injini kabla klipu haijaguswa, pamoja na tundu la taiming kwa injini zenye mnyororo humo. Kazi ya nusu dakika. Mafundi wanakijua, na wakiulizwa watakieleza vizuri. Kwa nini basi hawakiweki?

Wana haraka, na haraka hiyo wameazimwa na mteja. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc katika mwaka wa fedha wa 2007/2008, boda imekuwa ajira ya vijana wengi wa Kilifi, na nyingi ya pikipiki hizo zina mkopo wa kulipwa kila siku au kila wiki, au zina tajiri anayesubiri hesabu yake jioni. Saa moja kwenye benchi ni nauli zilizopotea. Kwa hiyo dereva humsimamia fundi kichwani, humuuliza kila dakika kumi, na siku fundi anapothubutu kusema "imeanguka", hupokewa kwa matusi na kunyimwa malipo. Fundi hujifunza haraka. Mara ya pili hafungui mdomo.

Wenye kazi ambazo kosa lake huua walishaliona hili. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inamtaka muuguzi athibitishe kwa sauti kwamba pamba, sindano na vyombo vimehesabiwa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Kwenye karakana za ndege kila spana ina kitanda chake kilichokatwa kwa umbo lake, na kitanda kikiwa kitupu jioni ndege hairuki. Huko anayesema "kimoja hakionekani" hasimamishwi kazi kwa kusema. Kazi yote ndiyo husimama, watu wakatafuta.

Huku kwetu NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya ufundi ya ngazi tatu, na sasa upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila darasa. Ni vyema kwa fundi wa chini ya mwarobaini. Mtahini akimpima kwa kufunga pistoni, ampime pia kwa kuhesabu, na kwa kile anachofanya kitu kikipotea.

Mengine ni mapatano ya benchini, na chama cha boda cha kila steji kinaweza kuyaweka bila kusubiri Nairobi. Fundi akiangusha kitu na akasema papo hapo, kazi ya kukitafuta aifanye bure, na gasketi wanunue nusu kwa nusu. Akinyamaza na ikagundulika, injini yote ni juu yake. Na dereva akubali siku hiyo kukosa nauli.

Gunia litandikwe, kifuniko cha ndoo kiwekwe juu yake, vitu vipangwe: pini moja, klipu mbili mpya, ringi mbili za juu, na ya oili yenye vipande vitatu. Fundi ahesabu kwa sauti, dereva asikie. Kabla bloku haijateremshwa, kifuniko kiwe kitupu na kitambaa kiwe kimeshatoka.