Bolti ya guta nayo ni amana

Ndugu wasomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia malezi na matumizi ya nyumbani. Leo tunazungumzia bolti, wala hatujatoka nje ya mada. Kwani hapa Shinyanga, kama ilivyo Kahama na Geita, nyumba nyingi hula kwa guta, ile pikipiki ya matairi matatu inayobeba mpunga, maji na mchanga.

Jirani yetu mmoja wa Ngokolo alikatikiwa na bolti mbili zinazoshika bodi kwenye fremu, akitokea Old Shinyanga na magunia ya mpunga. Bodi liliinama, magunia yakaanguka barabarani. Alhamdulillahi, mwanawe, aliyezoea kukaa juu ya mzigo, siku hiyo alikuwa madrasa. Bolti zile zilikuwa mpya, nene na zenye kung'aa. Lakini vichwani hazikuwa na alama yoyote.

Alama hiyo ndiyo ya kutazamwa. Bolti ya chuma iliyo imara huandikwa 8.8 au 10.9 juu ya kichwa. Tarakimu ya kwanza hueleza nguvu ya kuvutwa: 8 ni takribani kilo 80 kwa kila milimita moja ya mraba, na 10 ni kilo 100. Ya pili hueleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo itahimiliwa kabla bolti haijarefuka bila kurudi: 8 ni asilimia 80. Bolti laini ya 4.8 huanzia kilo 40 tu.

Ndiyo maana unene hudanganya. Bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 huhimili karibu kilo 3,000 kabla ya kukatika. Ya milimita 10 yenye 4.8 haifiki 2,500. Nyepesi imeishinda nzito. Hata hivyo, tusitie bolti ya 8 katika tundu la 10, kwani itacheza na kulipanua tundu. Katika matengenezo tubaki na kipimo kilekile, na alama isipungue ile ya bolti ya awali.

Wanaotafuta wepesi wajihadhari na alumini: uzito wake ni kama theluthi ya chuma, inafaa kushika kava, si fremu. Bolti isiyoshika kutu yenye alama A2-70 nayo ni dhaifu kuliko 8.8. Na nati yenye plastiki ikifunguliwa, ibadilishwe. Mshiko wake hupungua.

Tunawanasihi wenye maduka wasichanganye bolti laini na imara katika kopo moja, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi. Nanyi kina mama mnaoshika hesabu za nyumba, fundi akileta bolti, ombeni kuona kichwa chake kabla ya kutoa fedha.

Wabillahi tawfiq.