Bure gani hii yenye orodha?

Chuo kimenibana, testi juu ya testi, ila hili nimeona nisilale nalo.

Kila nikipiga simu nyumbani, Kerenge kule Korogwe, sikosi kusikia mjamzito fulani anahangaika kukusanya vitu vya kujifungulia: glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu. Asiye navyo anaambiwa akanunue duka la dawa. Sasa sera ya afya ya 2007 inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Bure gani hii jamani?

Sisemi hakuna kilichofanyika. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104. Siku hizi ikitokea dharura unapiga 115 bila malipo, na mfumo wa m-mama unatafuta gari la wagonjwa au dereva aliyesajiliwa hukohuko mtaani. Kwa sisi ambao masika bodaboda zinakwama kwenye tope, hilo si dogo.

Lakini gari haliwezi kumsaidia aliyebaki nyumbani kwa aibu. Mama hana hela ya glavu, anasubiri mumewe auze mahindi, uchungu unamkuta kwa mkunga wa jadi. Damu ikitoka nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua ndani ya saa mbili, na sindano ya kuizuia iko zahanati.

Tusimgombeze nesi. Yuko peke yake zamu ya usiku, na bila glavu naye anaogopa maambukizi. Wa kuulizwa ni kamati ya zahanati. Wengi hawajui kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kwenye kamati hiyo wamo wanakijiji wenzetu. Basi waulizwe mkutanoni: robo hii zimeingia shilingi ngapi? Glavu zimenunuliwa ngapi? Majibu yabandikwe ukutani, kila mtu asome.

Wenzangu wa Korogwe na Handeni mlioko vyuoni, likizo hii tusiishie kupiga stori kijiweni. Mkutano wa kijiji ukiitwa twendeni, tunyooshe mkono tuulize habari za glavu. Mnaonaje?

Nawasilisha.