Ufa wa Cabo Delgado na Ukuta wa Pwani Yetu

Tarehe 14 Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Vita hivyo vilikuwa vimeanza Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia. Kwa waamini wa Lindi na Kilwa, hiyo si habari ya mbali. Ni habari ya jirani.

Fedha za serikali zilifuata nyuma ya moshi. Majeshi ya SADC, yakiwemo ya Tanzania, yaliingia Julai 2021, baada ya mji wa Palma kuvamiwa mwezi Machi, na ujumbe huo wa SADC ukamalizika mwaka 2024. Umoja wa Ulaya ulitoa Euro milioni 20 mwaka 2022, na kiasi kama hicho mwaka 2024, kusaidia vikosi vya Rwanda. Silaha zilikomboa miji, lakini haziwezi kumpa ajira kijana anayeona gesi ya kwao ikitajirisha wengine.

Jitihada ya kuziba ufa mapema ilikuwepo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2019 iliruhusu hadi dola milioni 200 kwa mwaka kwa ajili ya kuzuia machafuko, na kuzitaka idara za diplomasia, ulinzi na misaada kupanga pamoja kwa miaka 10. Msumbiji ilichaguliwa mwaka 2022. Julai 2025 shirika la misaada, USAID, likafungwa, mpango ukiwa bado mchanga.

Funzo ni wazi: amani inayotegemea mfuko wa mgeni huondoka na mgeni. Mtakatifu Paulo VI alifundisha mwaka 1967 kwamba maendeleo ya watu na amani havitengani. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, inatumika tangu mwaka 2004, na Lindi inasubiri mradi mkubwa zaidi. Ghasia za Mtwara za mwaka 2013 zilionyesha uchungu wa wananchi wanaodhani wamesahaulika.

Hivyo bajeti ya halmashauri kwa vijana, wavuvi na mafunzo ya ufundi ni bajeti ya ulinzi pia. Wapendwa, mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Tuhudhurie, tukiketi na ndugu zetu Waislamu, tuulize kwa heshima na tusikilizane. Ufa huzibwa nyumbani, kabla ukuta haujaanguka.